Andikeni Amefariki

Nimewahi kumsikia mtu akitangaza kifo chake mwenyewe, mchana kweupe, kalamu ikiwa mkononi.

Hakuwa mgonjwa. Hakuwa amelewa. Alikuwa mjukuu wangu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu, na alisimama karibu nami hata ningenyoosha mkono ningemgusa.

"Andikeni amefariki," alisema.

Aliyefariki ni yeye.

Subirini, msikimbilie mwisho. Mimi niliishia darasa la tatu, naandika taratibu, nanyi nisomeni taratibu.

Mjukuu huyu nilimlea mwenyewe tangu binti yangu, mama yake, alipotangulia mbele ya haki. Kichwa chake kilikuwa chepesi mno. Shuleni alikuwa anabeba zawadi mpaka wenzake wanamsaidia kuzifikisha nyumbani.

Mwaka wa kumaliza shule akapata mimba. Aliyempa mimba akaingia mitini, hadi leo sijamtia machoni.

Akajifungua mtoto wa kiume, mnene, mashavu kama yamepulizwa. Nikamwita Kipipa.

Kipipa hata kukaa hajajua, habari ikaja kwamba chuo kimemchukua mama yake. Na kuna shirika litalipa kila kitu. Sharti lilikuwa moja: msichana asiwe na mtoto.

"Basi, bibi. Siendi."

"Utakwenda."

"Na huyu?"

"Huyu ana miguu? Atakwenda ninakokwenda mimi. Na mimi nakwenda unakokwenda wewe."

Tukafunga nyumba. Nikapanga chumba ng'ambo ya uzio wa chuo, chumba cha bati kisicho na dari, mchana kinachemka kama sufuria. Yeye akalala bwenini na wenzake kama shirika lilivyotaka.

Asubuhi nilimfunga Kipipa mgongoni, nikaingia getini pamoja na wafagizi. Mlinzi akanidhani mmoja wao. Sikumkatalia.

Nilikaa kwenye benchi la saruji nyuma ya kantini, karibu na bomba. Mjukuu wangu akitoka kipindi anapita kama anayekwenda kunywa maji. Nampa mtoto. Anaingia naye choo cha mwisho, anafunga, ananyonyesha. Anamrudisha tumbo limekaza kama ngoma.

"Huyu, bibi, atanimaliza," ananong'ona. "Atanyonya mpaka akili."

"Mwambie akubakizie ya mtihani."

Tunacheka kidogo, anaondoka. Ndivyo tulivyokuwa tukiishi. Kwa kuibaiba, lakini mtoto alikuwa ananona.

Siku moja akaja na habari. Mwalimu wao wa mambo ya jamii amewapa kazi.

"Anasema sisi wa mwaka wa kwanza bado tuna macho mageni. Tutafute kitu ambacho watu wa chuo wamekizoea mpaka hawakioni tena. Tukiangalie, halafu tuulize maswali."

"Kitu kama nini?"

"Kama kwa nini choo cha wahadhiri kina kufuli na vyetu, ukiacha kile cha mwisho, havina hata milango. Au kwa nini mlango wa mbele wa maktaba haufunguliwi, watu wote wanazunguka nyuma."

"Kwa nini?"

"Ndiyo tunakwenda kuuliza, bibi."

Nikaona kazi nzuri hiyo. Kumbe kitu chenyewe walichokizoea ni mimi.

Walimpanga kundi moja na wenzake wawili. Mmoja kijana mwenye sauti ya kuamsha mtaa, wanamwita Spika. Mwingine binti mkimya, wanamwita Miwani. Mjukuu wangu akapendekeza choo chenye kufuli. Spika akakataa.

"Choo? Kila kundi litaandika choo! Mnamwona yule bibi wa kwenye benchi? Kila siku yupo, na mtoto, na hakuna anayejua ni wa nani. Ile ni noma. Tumwandike yule."

Jioni mjukuu wangu akanipigia simu.

"Bibi, kesho usije."

"Na maziwa ya mtoto?"

Nikamsikia anatoka nje ya bweni, asisikiwe.

"Basi njoo. Lakini hunijui."

Wakaja. Wote watatu wakaniamkia, sauti ya mjukuu wangu ikiwa katikati ya zao. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu."

Walikaa kivulini, wakawa wanaangalia na kuandika. Mmoja akienda kipindi, mwingine anabaki. Zamu ya mjukuu wangu hawakumwachia peke yake hata mara moja, maana Spika alikuwa na uchungu na kazi ile kama kaitunga yeye.

Kwa hiyo mtoto hakunyonya. Siku hiyo, na zilizofuata; na jioni geti la bweni hufungwa.

Nilikoroga maziwa ya kopo, nikatia kwenye chupa. Kipipa akayaonja, akayatema, akalia. Alilia kilio cha mtu aliyedhulumiwa.

Spika akainamisha kichwa, akaandika.

"Unaandika nini, mwanangu?"

"Naandika mtoto analia, bibi."

"Na ukishaandika ananyamaza?"

Akaangua kicheko. "Aisee, bibi ana maneno huyu!" Na hilo nalo akaliandika.

Tumbo la Kipipa likachafuka. Mashavu yakanywea. Jina likaanza kumpwaya, na mimi nikaona aibu kumwita.

Kwenye simu mjukuu wangu alikuwa ananiambia neno moja tu. "Namwaga, bibi. Naingia bafuni, nakamua, namwaga kwenye sinki."

"Waambie wenzako."

"Spika? Spika akijua asubuhi, mchana anajua mlinzi wa getini."

Ndipo ikafika siku ya maswali.

Spika alichuchumaa mbele yangu. Miwani akakaa pembeni. Mjukuu wangu alisimama nyuma yao, daftari kifuani.

"Bibi, huyu mtoto ni nani yako?"

"Kitukuu."

"Mama yake yuko wapi?"

Nikaangalia bomba. Lilikuwa linadondosha maji.

Mtoto hajui mambo ya kundi. Alisikia harufu ya mama yake, akajipinda mapajani pangu, akanyoosha mikono yote miwili kumwelekea, akilia hadi sauti inakatika.

"Duh! Kakupenda wewe!" Spika akamwambia. "Mbebe basi."

Mjukuu wangu akaficha mikono nyuma ya mgongo.

"Bibi," Spika akarudia, "mama yake yuko wapi?"

Nilifungua mdomo. Sikujua kitatoka nini. Lakini mjukuu wangu akanitangulia.

"Acha kumsumbua bibi wa watu. Huoni hataki kusema? Andikeni amefariki."

Spika akaandika.

"Ni kweli, bibi?" Miwani akauliza. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama blauzi ya mjukuu wangu.

Mtu anaweza kufundisha ulimi wake kusema uongo, na macho pia. Maziwa hayafundishiki. Mtoto akilia, yanakuja. Blauzi ilikuwa imelowa kifuani, pande zote mbili, na doa linatanuka.

Niliona mimi. Miwani akaona. Spika alikuwa anaandika.

Miwani akavua sweta lake, akampa. "Vaa. Kuna baridi."

"Baridi gani?" Spika akainua kichwa. "Jua lote hili!"

"Ana homa," Miwani akasema. "We andika."

Wote wakageuka wananisubiri mimi.

"Aliye hai na aliyekufa Mungu ndiye anayemjua," nikasema.

"Pole sana, bibi." Spika alikuwa na machozi ya kweli. Hakuwa mtoto mbaya. Nataka mlijue hilo.

Kazi yao ikasifiwa kuliko zote. Darasa zima likachanga: nguo, makopo ya maziwa, blanketi. Wakaja na mwalimu wao kunikabidhi, simu zimeinuliwa kama msitu. Mjukuu wangu ndiye aliyechaguliwa kumpa mtoto zawadi.

Akanyoosha mikono.

Kipipa akamtazama. Halafu akageuka, akauficha uso shingoni kwangu.

"Anaogopa wageni," watu wakasema.

Spika akaitupa picha mitandaoni. "Yatima wa benchi." Ikatembea kuliko miguu yangu ilivyowahi kutembea. Ikanitangulia hadi nyumbani, majirani wakaanza kunipigia. Jamani, mjukuu wako amefariki lini, mbona hukutuambia? Nikazipokea pole zao. Ningewajibu nini, na shirika lina masikio?

Haikupita muda, akaja mama mmoja wa ustawi wa jamii. Mpole, viatu vimejaa vumbi. Aliongozana na wale wanafunzi watatu wamwonyeshe benchi.

"Mama, nimeelezwa kuna yatima hapa, na anayemlea hajiwezi. Tuna kituo cha watoto. Wanakula, wanatibiwa, wanalala pazuri."

"Nani kasema sijiwezi?"

"Nilipigiwa simu."

"Si mimi, haki ya Mungu!" Spika akaruka. Miwani akatikisa kichwa.

Yule mama akaketi kando yangu. "Mtoto hana ndugu mwingine? Hata mmoja? Maana akiwa na ndugu mwenye nguvu, mimi sina sababu ya kumchukua."

Nikamtazama mjukuu wangu. Nikasubiri. Kusubiri ni kazi niliyoizoea. Nimesubiri mvua, nimesubiri matokeo ya mitihani yake, nimesubiri mlangoni mwa choo na nepi begani. Nikasema moyoni, atasema. Huyu ni damu yangu, atasema.

Akasema.

"Huko atapata maziwa, bibi."

Yule mama akageuka haraka. "Hiyo sauti naijua. Ni wewe. Ni wewe uliyenipigia."

Mjukuu wangu akakaza sweta kifuani.

Moyo wangu haukupasuka. Ulikaa chini tu, kama mtu aliyechoka.

Neno nilikuwa nalo. Lilifika kwenye meno. Ningelisema, Kipipa angepata mama papo hapo, na mama yake angefungasha virago jioni ile ile. Nikalimeza. Nikasimama, nikamfunga mtoto mgongoni, nikakaza kanga.

"Mama yake amefariki," nikasema. "Mimi sijafa. Mtoto haendi popote."

Yule mama alinitazama, akamtazama binti aliyevaa sweta juani. Nafikiri alielewa. Watu wa kazi zile wameona mengi.

"Sawa, mama," akasema, akaondoka zake.

Miwani alinibebea kikapu hadi getini.

"Bibi, mimi niliona."

"Najua uliona."

"Ningesema?"

"Ungesema, ada angelipa nani?"

Akalia njia nzima, kikapu hakukiachia.

Tulirudi nyumbani mimi na Kipipa siku hiyo hiyo. Simu ikaita njiani.

"Bibi, nilikuwa naona mnakwisha wote wawili mbele ya macho yangu. Nilitaka hata mmoja apone."

"Soma," nikamwambia. "Umenunua kwa bei kubwa. Soma mpaka chuo kiishe."

Akasoma. Likizo hakuja, angekujaje mtu ambaye mtaa mzima umeshampa pole bibi yake? Aliyekuwa anakuja ni Miwani, na kopo la maziwa mkononi, anafua nepi, anaondoka. Yule hakuwa akiuliza tena. Anashika ndoo.

Mjukuu wangu amemaliza, ana kazi, na shirika halina tena la kumwuliza. Mwezi uliopita akaja nyumbani. Viatu vizuri.

Kipipa sasa anasoma darasa la kwanza. Alikuwa uani anasugua viatu vyake vya shule. Mimi nilikuwa mlangoni. Sikusogea.

"Shikamoo," Kipipa akamwamkia.

"Marahaba. Unanijua?"

Akatikisa kichwa.

Mjukuu wangu akachuchumaa mbele yake, kama Spika alivyochuchumaa mbele yangu siku ile.

"Mimi ni mama yako."

Kipipa aliweka brashi chini. Mtoto huyu nimemfunza adabu, hamkatizi mtu mzima. Alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni aliyepotea.

"Mama yangu alifariki," akamwambia taratibu. "Ipo hata picha, watu wanayo. Labda umekosea nyumba."

Akamwonyesha kwa kidole. "Jaribu ile yenye geti la bluu. Wale wana wageni wengi."

Mjukuu wangu akaniangalia mimi nijibu. Chuo kizima cha maswali, na hili hakulisomea.

Nikamsogezea kigoda.

"Kaa," nikasema. "Hili litachukua muda."

Wanangu mlioko vyuoni, ulizeni. Hakuna aliyewakataza, na milango mingi inastahili kuulizwa kwa nini imefungwa. Lakini ukimwuliza mtu habari za mzigo wake, shika upande mmoja.

Na kifo msikichezee mdomoni. Aliyekufa kwa maradhi tunamzika, tunalia, tunarudi kulima. Aliyekufa kwa neno hana kaburi, na mpaka leo yuko uani kwangu, amekaa kwenye kigoda, anasubiri mtoto amalize kusugua viatu.