Tundu kwenye Tufe la Mume Wangu

Mume wangu alipokatwa kidole gumba na msumeno wa mashine pale karakana, kidonda kilipona, yeye akagoma kupona. Mkono wa kulia ukahamia mfukoni mwa koti. Watu wakimnyoshea mkono njiani, anatikisa kichwa na kupita, na Mbeya ile ya miaka ya sabini mtu asiyetoa mkono alionekana ana majivuno au ana kisasi.

Baba yangu alishuka kutoka shambani kwake, milimani juu ya Iyunga, kuja kumpa pole. Mume wangu akampa mkono wa kushoto. Baba aliutazama, hakuupokea.

"Kidole nimesikia kimekatika," alisema. "Mkono je?"

Mume wangu akamsogezea kikombe. Baba akanywa chai yake mpaka mwisho, maana si mtu wa kumwaga chai ya watu, kisha tukiwa mlangoni akaniambia: "Mavuno yakiisha huyu hajanisalimia, nakuja kukuchukua." Baba hakuwa na masihara. Mimi nilikuwa na watoto wawili, na yule mwanaume nilimpenda, ingawa siku zile kumpenda ilikuwa kazi nzito kuliko kulima. Mume wangu sikumwambia neno. Niliona ana ya kwake ya kutosha.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinamtoa nje: boling. Kabla ya ajali alikuwa akienda Iringa na wenzake kila wakipata nafasi, kwenye jumba la klabu waliloliacha walowezi. Ndani mna njia ndefu ya mbao. Unavingirisha tufe zito uangushe pini kumi zilizosimama mwisho. Tufe lina matundu matatu, mawili ya vidole na moja la gumba. Yeye alikuwa na lake mwenyewe. Siku moja nikamkuta amelipakata, anaziba tundu la gumba kwa kipande cha mninga na gundi. Nikajua bado yumo.

Basi tukaenda Iringa, watoto nikiwaacha kwa jirani. Safari ya kutwa, na tufe nilibeba mimi ndani ya kikapu, kwa sababu mkono wa mwenye tufe ulikuwa mfukoni. Jumba lilikuwa tupu, ndiyo maana alikubali kurusha. Tufe lilikwenda vizuri hadi katikati, halafu likachepuka kushoto na kutumbukia kwenye mtaro ulio kando ya njia. Kila liliporushwa, hivyo hivyo.

Tukirudi akanieleza, na yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu ajali. Tundu lililozibwa limerudisha uzito upande mmoja; tufe likipungua kasi, upande mzito ndio unaoliongoza. Dawa ni kutoboa tundu jingine la kupunguza uzito tu, lisiloingia kidole. Likikaa karibu na vidole, tufe huchelewa kukata kona. Likisogea kiunoni mwa tufe, pale katikati ya ubavu, hukata mapema. Likikaa pasipo pake, afadhali usingetoboa. Nilimsikiliza huku nikitazama dirishani mahindi yaliyoanza kukauka.

Ili kuujua upande mzito, tufe lazima lielee. Tukashuka Chimala tukanunua chumvi ya mawe, ile ambayo wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini huwalambisha ng'ombe wao. Nyumbani tukaikoroga ndani ya pipa la maji mpaka tufe likaibuka. Majirani walichungulia, mmoja aliacha kuchota maji kwenye bomba letu. Sikumlaumu. Tufe jeusi linajigeuza lenyewe ndani ya maji ya chumvi, hata mimi nisingekaa karibu.

Upande mzito ulizama, mwepesi ukabaki juu. Akakwaruza alama pale juu kwa msumari. Nikalibana tufe kwa magoti, yeye akazungusha keekee ya kutobolea kwa mkono wa kushoto, mpaka magoti yangu yakachubuka.

Iringa mara ya pili tufe halikufika hata katikati. Alikaa kwenye benchi akilitazama, kisha akasema polepole, "Risasi. Nilikuwa nangojea kumimina risasi."

Kule karakana kazi yake ilikuwa kusawazisha magurudumu ya mashine. Gurudumu huning'inizwa, upande mzito ukashuka, na mafundi hutoboa upande wa juu, ulio mwepesi, na kumimina risasi iliyoyeyushwa ili pande zilingane. Mikono yake ilifanya ilichozoea. Lakini tundu la tufe huachwa tupu. Alikuwa amepunguza uzito palepale palipopungua.

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu ajali. Mimi sikucheka. Nilimwambia nimechoka: nimechoka na tufe, nimechoka na basi, nimechoka na mfuko wa koti lake. Nikamwambia na alichosema Baba, na kwamba akija kunichukua sitabishana. Kicheko kikakatika. Njia nzima ya kurudi kikapu alikishika yeye.

Akaliziba tundu lile, akatoboa upande wa pili, akilisogeza kidogo kuelekea kiunoni. Safari ya tatu tulikuta watu wanacheza. Nilidhani atageuka mlangoni. Akaingia, akarusha. Tufe lilinyooka, likachelewa, kisha likainama taratibu katikati ya pini, zikabaki mbili zimesimama. Mchezaji mmoja wa palepale akamjia mkono mbele. "Kamwene," alimsalimia kwa Kihehe. Mume wangu aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine, akautoa. Yule bwana aliushika asiuachie, kama ilivyo kwetu mtu akinogewa na maongezi, akimuuliza habari za lile tundu.

Kesho yake basi lilipofika Mbeya mjini, nikainuka. Akanivuta nikae. "Twende mpaka Iyunga," alisema.

Baba alikuwa shambani anavunja mahindi. Mume wangu akamnyoshea mkono wa kulia. Baba akaupokea kwa mikono yote miwili, akaugeuza, akapapasa pale palipokuwa na gumba.

"Bado panauma?"

"Panauma sana, baba."

Miezi yote ile nilikuwa namuuliza swali hilohilo, akinijibu hapana. Nikakaa juu ya rundo la mahindi nikalia kwa sauti, na hakuna aliyeninyamazisha.