Divai Ambayo Babu Hakuiba

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, parokia yetu upande wa Longisa ilinipa kazi ya wiki tatu: kupanga barua za wamonaki Wabenediktini, wale Wazungu waliotuletea misa wakati wa ukoloni. Kila barua waliyomwandikia abati, mkuu wao huko Ulaya, waliiwekea nakala. Mchwa walikuwa wameanza kuzila pembeni.

Walilalamikia mvua, funza na sisi. Nilicheka sana, mpaka nilipomkuta babu ndani ya barua moja.

Babu alikuwa katekista wa kwanza hapo. Alifukuzwa kwa kuiba divai ya misa, ndivyo tulivyoambiwa, na akafa na aibu hiyo. Shuleni niliitwa mjukuu wa mlevi. Nyanya yangu, tuliyemwita kogo, hakuacha kwenda misa hata Jumapili moja.

Barua ilisema mengine. Baba yangu alipozaliwa, akina mama walimnusisha ugoro huku wakitaja mababu mmoja mmoja. Alipopiga chafya, jina lililokuwa likitajwa likawa lake, kama desturi yetu ilivyo. Mmonaki alimtaka babu alikane jina hilo mbele ya kanisa, babu akakataa katakata. Mmonaki akamweleza abati bila haya kwamba katekista hakuiba chochote, ila watu wangejua ukweli wangemfuata. Basi wangetangaziwa kwamba ameiba divai.

Niliichomoa barua hiyo. Nikampelekea padri, kijana wa kwetu, ambaye hata yeye alipata jina lake kwa chafya.

"Hiyo ni mambo ya kitambo," akasema. "Rudisha kwa boksi. Usichokoze nyuki."

"Nyuki walishatuuma, fatha. Nitarudisha Jumapili, baada ya matangazo."

Jumapili hiyo, katibu alipomaliza kutangaza mchango wa mabati, nilisimama. Nikaisoma barua kwa Kiingereza, halafu kwa Kipsigis. Padri akashikwa na kikohozi. Mwenyekiti wa parokia akaniashiria nikae, akaashiria tena. Sikukaa. Wangenitoa mzobemzobe kama wangetaka.

Kogo akainuka kwa fimbo yake. Nilidhani atalia.

"Rudia hapo kwa divai," akasema, akiwageukia wazee wenzake. "Na usome pole pole. Kuna watu hapa walitangaza hiyo uongo miaka yote. Leo wasikie mzuri."

Nikarudia mara tatu.