Jibu Nililompa Mama Nafula

Harufu ya samaki wa moshi inaponifikia, hata sasa nikiwa bibi mwenye wajukuu, hunirudisha Busia ya miaka ya sitini, na sifurahi. Mama alikuwa akiwauza sokoni, na nguo zake zote zilinuka moshi huo, hata ile ya kanisani. Mteja wake mkubwa alikuwa mpishi wa shule ya bweni kule Tororo, aliyefika kila Jumamosi asubuhi na kuchukua kapu zima. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo Mama alimwacha kwa jirani, Mama Nafula, aliyekuwa na mtoto mchanga wake na akawanyonyesha wote wawili bila kunung'unika.

Kisha surua ikaingia mjini. Shule yetu ya pale mjini ikafungwa, na watu wa afya wakakataza watoto kupelekwa sokoni. Mama Nafula naye akafunga mlango, akimhofia mwanawe, na hakuna aliyemlaumu. Mama akabaki nyumbani, na Jumamosi ya kwanza mpishi akaja sokoni akamkosa. Tukawa tunakunywa uji bila sukari. Lakini mimi, mtoto wa miaka saba, sikuwahi kuona raha kama ile. Mama alinisuka nywele mchana kweupe, akanisimulia habari za kwao Mella, mambo ambayo soko halikumwachia nafasi ya kuyafanya. Nilitamani surua isiishe. Naona aibu kuandika hivyo, ila ndivyo ilivyokuwa.

Wiki iliyofuata Mama Nafula alituma neno: angepita Jumamosi mapema, na akimkuta mtoto ni mzima, angemchukua. Alipofika, alisimama nje ya ua.

"Mama iko wapi?"

"Iko kisimani."

"Na mtoto? Iko na joto?"

Mtoto alikuwa amelala, mzima kabisa.

"Iko na joto," nikasema.

"Pole, mwanangu," akajibu, akarudi kwake.

Mama aliporudi alipanga samaki kapuni, akakaa kizingitini kumngoja Mama Nafula mpaka jua likawa kali. "Na mwenyewe alisema atakuja," alisema, basi. Siku hiyo mpishi alinunua kwa mwanamke mwingine, na hakurudi tena kwa Mama. Surua ilipopita, Mama alikuwa akilima vibarua katika mashamba ya watu huko Mukuju, mtoto mgongoni. Hakumsalimu tena Mama Nafula, na kabla ya mwaka kwisha jirani yule alihamia Sop Sop.

Juzijuzi, maradhi mengine yalipofunga shule, binti yangu anayeuza nguo Malaba alinipigia simu kuniuliza kama anaweza kuniletea watoto. Nilimwambia awalete kabla hajamaliza kuuliza. Yeye huwaambia watu kwamba mama yake ana moyo mwema. Mama yangu alifariki zamani. Hata katika siku zake za mwisho, jina la Mama Nafula likitajwa, aligeuza uso ukutani. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale kitandani, nimemshika mkono, na sikumwambia.