Poudre ya diplôme ya Junior

Nilikuwa bado namumwangia Junior poudre ku kichwa, yeye akasema anaenda kucheza mupira ku université ingine.

Ku Liège.

Bon, Junior ni kaka yangu, leo amepata diplôme ya université, na kwetu mwenye kupata diplôme banamumwangia poudre. Ba maman balikuwa banaimba pale mu quartier ya Porte de Namur, batu banapita banatuangalia, sisi beupe kama unga.

Kila siku alikuwa anatuambia: "Nikimaliza masomo, narudia équipe yetu ya quartier, ku Anderlecht." Maillot yake ya mupira, numéro dix, nilimufulia. Ilikuwa mu sac yangu.

Nikamuuliza polepole: "Diplôme si iko? Unatafuta nini tena ku masomo?"

"Petit, masomo ni ya kujiandikisha tu, nipate kucheza. Équipe yao iko nguvu, banasafiri mpaka inje ya inchi."

"Na sisi?"

"Nyinyi munachezaka ya kufurahisha roho, siku ya samedi tu."

Akacheka, akanipangusa poudre ku shavu kama mutoto.

Nikakamata sac yangu.

Alors naenda ku match yetu, inaanza. Ku terrain, bila Junior, bamebakia batu dix tu, coach anasema miye njo nivae ile maillot.

Mikono yangu iko bado na poudre. Maillot nimeshaichafula.