Bi Casilda Ashuka Kuiona Kazi ya Hatari

Kwa miaka thelathini na minane jirani yangu Nicanor Canul alinusurika kufa kila siku ya kazi, na kila siku alinusurika kabla ya saa tisa mchana, akawahi kula. Kazi yake ilikuwa kuwashusha wageni chini ya bahari hapa Cozumel, mitungi ya hewa mgongoni, wakatazame samaki. Watu wanasafiri kutoka nchi za baridi kwa ajili ya jambo hilo. Sisi samaki tunawatazama kwenye sufuria, na hatulowi.

Akirudi nyumbani alikuwa hawezi kitu. Mkewe, Bi Casilda, akimwambia gesi ya kupikia imeisha, Nicanor aliketi taratibu kama mtu aliyevunjika mbavu, akasema, "Leo samaki chewa amenifukuza. Mkubwa kama lori la taka, mdomo wazi." Basi Casilda alikwenda kubeba gesi mwenyewe. Jumatatu, siku ya maharage na nguruwe, nyama nene ilikuwa ya Nicanor, maana mtu aliyetoka kupigana na papa huwezi kumpa mfupa. Sahani hakuwahi kuosha. Mikono ilikufa ganzi kwa kuwasukuma hao papa, ambao kwa hesabu yake walikuwa wengi kuliko watu wa Mexico nzima, na kila mmoja alikuwa na ugomvi naye binafsi.

Wala hakuwa peke yake. Wazamiaji wote wa kisiwa walikuwa wakifa hivyohivyo, na sisi wake zao tulishindana kwenye foleni ya tortila, chapati zetu za mahindi, ni mume wa nani aliyeponea chupuchupu zaidi. Marehemu wangu aliwahi kumezwa na nyangumi mpaka kiunoni, akarudi suruali kavu. Nilimpikia supu siku tatu.

Mwaka jana watoto wa Casilda, walioko mjini Mérida, wakawalipia wazazi wao siku saba kwenye meli ya starehe. Ilikuwa jengo la ghorofa kumi na mbili lililokosa kiwanja. Inapakia watu hapa kwetu, inapita Belize na kisiwa cha Roatán huko Honduras, inarudi hapahapa. Watu mle walikuwa wanakula, wanapumzika kidogo, halafu wanakwenda kula. Mtumishi alikunja taulo likawa tembo, akaliweka kitandani, na Casilda akalala pembeni siku mbili asimharibie mtu tembo wake. Nicanor alifurahi kupita kiasi. Siku saba bila hatari, alisema, mwili upone.

Shida ilianzia kwenye meza ya chakula. Walikaa na Bi Ofelia wa Monterrey, daktari wa meno mstaafu, miaka sabini na mmoja, mnene, magoti yote mabovu. Meli ilipotoka Roatán, bibi huyo akasema kwamba alikwenda na msafara wa kuzamia.

"Pole sana, dada," Casilda akasema. "Umeumia wapi?"

"Niumie na nini?"

"Papa."

"Papa gani? Mimi nilisinzia. Mwalimu alinigusa bega mara mbili aone kama bado nipo."

Uma wa Nicanor ukaanguka. Casilda akamtazama mumewe kama anavyomtazama muuza nyanya anayeficha mbovu chini.

"Papa wa Honduras ni wapole," Nicanor akasema. "Wa kwetu ndio wana hasira."

"Basi nitakwenda kuwaona hao wa kwetu."

Siku ya mwisho meli ilipangwa kufika Cozumel asubuhi, na kulikuwa na msafara wa kuzamia kwa watu wasiojua kitu. Casilda akaandikisha majina mawili. Yaani mtu alizunguka nchi tatu kwenye jumba la kuelea ili apelekwe kwenye mwamba ambao akianika nguo kwake anauona.

Nicanor akabembeleza mpaka sauti ikakauka. "Mama watoto, presha yako."

"Daktari wa meli ameipima. Amesema niende."

"Masikio yatapasuka."

"Masikio haya yamekusikiliza miaka thelathini na minane. Hayajapasuka."

Ikabidi ampigie simu mkwe wangu Wilberth, mume wa binti yangu, mzamiaji pia, ninayekaa naye nyumba moja, maana zamu ya msafara huo ilikuwa yake. "Kijana wangu, Casilda anashuka. Akiona, tumekwisha, mimi na wewe na wote." Nyumbani sikuambiwa lolote, lakini siku hiyo Wilberth aliosha vikombe bila kutumwa, nikajua kuna msiba.

Asubuhi hiyo kwenye boti Wilberth alijitahidi. Alivaa sura ya mazishi. "Mama Casilda, huku chini mtu anaweza asirudi."

"Wewe umerudi mara ngapi?"

"Mimi nimezoea."

"Na mimi nimezoea kubeba gesi. Nivalishe."

Akashuka, Wilberth amemshika mkono huku, Nicanor upande wa pili. Yaliyotokea chini alinisimulia mwenyewe, na alipochoka kusimulia nikamsaidia. Mkondo wa bahari ya kwetu, kwa asiyeujua, ndio unaofanya kazi yote. Mtu anauachia mwili, nao unampeleka polepole juu ya matumbawe, na boti inafuata mapovu yake mpaka itakapomwokota. Mtoto anayebembelezwa kwenye bembea ya nyuzi anatumia nguvu zaidi. Casilda akatafuta hatari. Akaona kasa anakula majani, hakunyanyua hata kichwa. Nicanor akamwonyesha papa kwa kidole. Papa alikuwa amelala chini ya jiwe kama mbwa mzee, na samaki wadogo wanamwosha meno.

Kilichommaliza Nicanor ni mwili wake mwenyewe. Dakika ya kumi akajisahau. Akakunja mikono juu ya tumbo, akapandanisha miguu, macho yakafumbika nusu. Casilda akaelea kando yake akimtazama. Mkao huo aliujua. Ndio anaoulalia Jumapili baada ya kula.

Walipopanda botini nahodha naye, kwa mazoea, akatoa kiti chenye mto akamwekea Nicanor, na sahani ya mananasi, na mikate mitamu miwili. Huyo ndiye Nicanor aliyekuwa akirudi nyumbani miaka yote akidai hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri. Wilberth alijaribu kuificha sahani nyuma ya mitungi. Casilda akaichukua, akala yote. Wanaume watatu wakakaa wima kama wako mbele ya hakimu.

Gatini tulikuwa wanawake kama kumi na watano, tumekuja kuwapokea na kuona kama wamenenepa. Casilda akasimama botini, akatutazama sisi, akamtazama mumewe aliyekuwa mweupe kama unga. Kisha akashuka akichechemea, mkono kiunoni.

"Shoga, kulikoni?" nikamuuliza.

"Mwenzangu, niache kwanza nipate pumzi. Papa saba. Mmoja nimempiga ngumi ya pua."

Wanawake wakashika vinywa. "Nicanor, ni kweli?"

Nicanor akatutazama, akamtazama Wilberth, na Wilberth akatazama viatu vyake. Angesema nini? Akisema ni uongo, itabidi atueleze na wa kwake wa miaka yote.

"Kweli," akasema. "Yule wa pua namjua. Ni mkorofi."

"Basi kanibebee mizigo melini," Casilda akamwambia, "na nguruwe wa leo utapika wewe. Mikono yangu imekufa ganzi."

Kesho yake akaniambia ukweli uani kwangu, nami nikautunza mpaka nilipofika kwenye foleni ya tortila. Tangu hapo kila Alhamisi boti ya Wilberth inachukua wake za wazamiaji, na sisi wajane, wawili wawili. Wanashuka wamesimama wima, wanarudi nusu maiti, na wanaume wanawapokea gatini kwa supu, hakuna anayeuliza swali. Mke wa nahodha alimezwa juzi, akatemwa. Alhamisi hii ni zamu yangu, na Wilberth ameshanunua kuku wa supu. Kilichobaki ni kuchagua mguu wa kuchechemea.