Kifuniko Chekundu Mgongoni mwa Ndege

Kuna siku moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na wala haikuwa na ndege ndani yake. Ilikuwa harusi. Nilikuwa kijana, nimetoka Ukambani na patasi zangu ndani ya gunia la sukari, nikapata kazi kwa fundi mmoja pale Majengo, Pumwani. Wakati huo kwenda mjini tulitembea tu kwa miguu, na viatu nilivyokuwa navyo... hayo tuyaache. Fundi wangu alikuwa amemtengenezea Mama Zuhura, mwenye nyumba wetu, mlango mpya wa chumba cha mbele. Ulikaa kwenye fremu mpaka wembe haupiti. Watu walikuja kuusifu, wakapitisha vidole. Halafu mvua ikanyesha, mbao zikafura, na asubuhi bwana harusi, aliyelala humo, akagundua kwamba yumo ndani na kanzu yake nyeupe na mlango umekataa. Nje dufu zinalia, mashemeji wanacheka mpaka wanajishikilia ukutani. Mwishowe alitokea dirishani, kanzu ikanaswa na msumari. Mama Zuhura hakucheka hata kidogo. Alimwambia fundi wangu mbele ya umati, "Wewe nilikuagiza mlango au ukuta?"

Hadithi hiyo nimeisimulia miaka mingi, matangani na harusini, na kila mara watu hucheka na mimi hucheka nao. Mtu anaweza kulicheka jambo maisha yake yote na lisimfunze kitu. Nitakuonyesha.

Siku hizi naishi mtaa wa Pipeline, kwenye gorofa za juu, ambako maji hupanda na mitungi na jua halifiki mpaka saa sita. Naishi na mjukuu wangu Mwende. Ni mtu mzima, anafanya kazi ya kupakia bidhaa kwenye godauni, na akipumzika kichwa chake kiko kwenye ndege. Si hizi kubwa zinazopita juu ya paa letu zikitikisa sufuria. Ni zile ndogo, unazojenga kwa mikono na kuzirusha kwa rimoti ukiwa umesimama chini. Mimi shule niliishia darasa la tatu na rimoti niijuayo ni ya televisheni, lakini mbao ninazijua, na kwa ajili ya mbao ndiyo nikaingia kwenye mambo haya.

Kwetu huku huwezi kurusha ndege ya namna hiyo. Uwanja wa ndege wa kweli uko hapo jirani, ni marufuku, na hata isingekuwa marufuku ungeirushia wapi? Kati ya kamba za nguo? Kuna kiwanja kimoja tu tunachoweza kufika, mbele kabisa barabara ya Kangundo, ambako wapenzi wa mchezo huo wana kibali chao. Kuingia ni kwa majaribio. Unaleta ndege yako, unaonyesha kwamba unaweza kutoa betri haraka, kwa sababu betri zile zikiumia hushika moto, kisha unairusha mzunguko mzima na kuitua. Ukikataliwa mara mbili, basi, huruhusiwi kurudi tena. Na Mwende alikuwa ameshakataliwa mara moja. Ndege yake ya kwanza, ya lile povu jeupe la maboksi ya televisheni, ilikuwa imefungwa tumboni kwa selotepu, akabanduabandua hapo mpaka watu wakaanza kutazama saa zao. Kwa hiyo alikuwa amebakiwa na nafasi moja, na aliniambia wazi, "Babu, wakinitema tena nimeisha. Sina kwingine."

Nikamwambia aniachie mimi.

Sasa elewa, mwanangu, sisi wachongaji tuna desturi yetu. Kiungo hakionekani. Ukiunga kipande cha mti na kipande kingine, unalinganisha nyuzi za mti, unapiga msasa, unapaka vanishi, na mnunuzi akigeuza kinyago asijue palipounganishwa. Ndiyo heshima ya kazi. Kwa hiyo nilijenga mwili wa ndege kwa vibao vyembamba vya masanduku ya matunda, nikakata kifuniko cha betri tumboni, na nikakikalisha mahali pake nyuzi zikafuatana kama hazikuwahi kukatwa. Ukitaka kukifungua unabonyeza pembe moja kwa kucha. Niliwaita majirani. "Tafuteni mlango!" Wakageuza, wakanusa, wakashindwa. Nilijisikia, we acha tu.

Jirani yetu Wafula, mtu wa Bungoma anayeendesha mashine kwenye kiwanda cha plastiki, alikuja naye akaitazama kwa muda mrefu.

"Mzee, ni nzuri sana," akasema. "Ikiwaka moto tunagonga hodi wapi?"

"Wewe Mluhya unaelewa nini mambo ya mbao?"

"Mbao sielewi. Moto naelewa."

Nilimcheka. Jumamosi hiyo hiyo Mwende aliipeleka ndege veranda kujaribu mota. Propela ikazunguka vizuri, upepo wake ukapeperusha soksi za watu. Halafu tukasikia harufu, kama ya waya unaoungua, na moshi mwembamba ukaanza kutoka kwenye matundu ya mabawa. Mwende akazima, akaigeuza.

"Babu, mlango uko wapi?"

Nikaichukua. Nikabonyeza pembe. Haikuwa pembe ile. Nikabonyeza nyingine. Vanishi ilikuwa imekauka ikaziba mstari wote, na mimi, niliyekikata kifuniko hicho kwa mkono wangu, nikawa napapasa tumbo la ndege kama mtu anayetafuta miwani. "Babu!" Mwende analia. Wafula akaruka kutoka mlangoni kwake, akaninyang'anya, akaiweka sakafuni na kuipasua kwa kisigino. Akaing'oa betri kwa kitambaa, akaitumbukiza kwenye ndoo ya mchanga wa kuoshea sufuria. Ndege ikabaki vipande.

Nilitegemea atanicheka. Hakunicheka. Alikaa juu ya mtungi wa maji, akasema kwa sauti ya chini, na ni kijana ningeweza kumzaa, "Mzee, kule kiwandani kila mashine ina kifuniko, na kila kifuniko kimepakwa rangi nyekundu mahali pa kushika. Hakipendezi, ndiyo. Lakini siku mkono wa mtu unaponaswa, hakuna anayeuliza pa kushika ni wapi. Hata aliyeajiriwa jana anajua."

Nimekaripiwa na wazee wengi katika maisha yangu, wengine kwa fimbo, lakini karipio la Wafula ndilo liliniingia mpaka kwenye mifupa.

Siku za majaribio zilikuwa zimekaribia. Tulianza upya sisi watatu, Wafula akitoka zamu anakuja na ovaroli. Safari hii kifuniko tulikiweka mgongoni, kwa sababu ndege ikianguka hulalia tumbo. Tukakifanya kikubwa, mkono wa Mwende uingie wote na ugeuke humo ndani. Lakini ukikata tundu kubwa kwenye mwili mwembamba namna ile, mwili unalegea, ukiushika unapinda kama boksi lililonyeshewa. Hapo ndipo uzee wangu ulipofaa. Nilizungushia tundu lote ukingo wa ubao kwa ndani, kama pindo la shati, na mwili ukakaza kuliko mwanzo. Mbele ya kifuniko niliacha ulimi mfupi unaoingia chini ya ukingo, ili upepo wa mbele ukikipiga ukibane badala ya kukifungua. Nyuma tukatia sumaku mbili tulizotoa kwenye spika mbovu. Kingo nikazichonga mshazari, kifuniko kijitafutie mahali pake chenyewe hata ukikiweka ovyo, na nikaacha nafasi kidogo pembeni, mbao zikifura kisikwame. Nafasi ile iliniuma, mwanangu. Kila nikiipita naiona. Kisha Wafula akaleta rangi yake na kukipaka kifuniko chote chekundu, chekundu cha gari la zimamoto, na Mwende akabandika utepe wa kukivuta.

"Imekuwa mbaya," nikasema.

"Imekuwa poa sana," Mwende akajibu.

Siku ya majaribio upepo ulikuwa mkali na vumbi jingi. Msimamizi wa kiwanja ni mama mmoja mtulivu, Mama Akinyi, haongei sana. Kando yake alikaa bwana mmoja mwenye kofia pana na kiti chake cha kukunja, mwanachama wa siku nyingi, na huyo kazi yake ilikuwa kuongea. Alipoiona ndege yetu aliondoa miwani.

"Hii ni ndege au ni sanduku la nyanya?"

"Ni la maembe," Wafula akamjibu. "Nyanya ziliisha."

Watu wakacheka, na yule bwana hakupenda. Akanyoosha kidole. "Na hicho chekundu mgongoni ni nini, kidonda? Sikilizeni nyote. Hiki kitu kikiruka na kikatua, mimi nakunja kiti changu naenda, na hapa hamtaniona tena."

Mama Akinyi hakumjali. "Toa betri," akamwambia Mwende. Mwende akavuta utepe, tak, betri iko mkononi. Mama Akinyi akaandika kitu. "Rudisha. Rusha."

Ikaruka! Sikiliza, mimi nimechonga simba na twiga wasiohesabika, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuinuka akaenda. Hii iliinuka. Ilizunguka nusu ya kiwanja, halafu upepo ukaipiga ubavuni, mota ikakatika, ikaja chini, bawa likagusa nyasi na ikabiringika.

"Kwisha!" akasema wa kofia.

Mwende alikuwa ameshaanza kukimbia. Alipofika akavuta utepe, akachomoa betri, akaitupa kwenye debe la mchanga lililokuwa karibu. Betri ilikuwa imefura upande mmoja, na ikaanza kutoa moshi huko mchangani. Ndege haikutoa chochote. Ilikuwa nzima, imechubuka tu puani.

Mama Akinyi akasogea. "Mzunguko haujakamilika. Una betri nyingine? Unaweza?"

Mwende alitoa betri ya pili mfukoni. Alipiga magoti, akaingiza mkono wote ndani, na kwa sababu mlango ulikuwa mkubwa na jua linaingia, akaona. "Wafula, waya wa mota umechomoka! Huu hapa!" Akausukuma mahali pake, akaufunga, akaweka betri mpya, akakirudisha kifuniko bila hata kukitazama, nacho kikajikalia. Kikalia tak. Nitakufa nikiusikia mlio ule.

Ikaruka tena. Ikaenda mbele, ikageuka penye upepo, mgongo mwekundu unawaka juani mpaka ungeuona kutoka barabarani, ikazunguka yote, ikarudi, ikashuka polepole na kutua katikati ya njia kama ina miguu yake. Wafula alinibeba. Mimi na umri wangu, nimebebwa kama gunia, na fimbo yangu imeanguka sijui wapi. Mama Akinyi alimpa Mwende mkono, akasema, "Karibu nyumbani." Mwende akakaa chini kwenye vumbi akalia, na akicheka hapo hapo.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu. Kila unachokijenga, kiachie mahali pa kuingilia kwa ajili ya siku mbaya, na mahali hapo paonekane hata na mgeni. Ukingo wake uutie nguvu, maana ndipo patakapovunjika kwanza. Usiione aibu ile nafasi ndogo pembeni. Hata wewe mwenyewe, usijipige msasa mpaka watu wako wasijue wakushike wapi siku utakapoanza kutoa moshi. Waambie. Waonyeshe utepe. Na Mungu akupe jirani asiyekuogopa, akupe mikono isiyochoka kuanza upya, na kila utakachokirusha kikurudie kizima.

Yule bwana wa kofia? Sisi tulidhani ni maneno tu ya kiwanjani. Mama Akinyi hata alimwita, "Wewe, acha utoto, njoo unywe chai." Alikunja kiti chake, akakitia kwapani, akapita katikati yetu bila kuangalia mtu, akatoka getini kwa miguu. Hakurudi tena.