Fundi Baridi na Wenzake Elfu Sitini

Fundi Baridi alitengeneza majokofu miaka thelathini kabla hajakubali kwamba majokofu yamemtangulia. Ufundi aliurithi kwa mjomba wake, nao ulikuwa wa masikio: mota ikikoroma hivi, gesi imepungua, ikigugumia vile, ndiyo kwaheri. Lakini haya mapya yalikuja na bodi zilizojaa vijidude vidogo kama sisimizi, na bodi haikoromi. Akawa anawarudishia wenyewe bila kuyatengeneza, huku akitazama pembeni.

Binti yake, muuguzi, ndiye aliyemwandikisha kozi ya bure mtandaoni. "Mko elfu sitini humo, baba. Nani atakuangalia mvi?"

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa raha tupu. Somo moja la video alilirudisha nyuma mara kumi na mbili, na mwalimu wa kwenye simu hakukunja uso. Shuleni enzi zake, swali la pili tu lilikuwa linaita fimbo.

Wiki ya tatu mambo yakamgeukia. Lugha ya somo ilikuwa ya kigeni, na maandishi ya tafsiri yalipita mbio. Kazi walisahihishana wanafunzi wenyewe kwa wenyewe. Yake ikarudi na sifuri: picha ya kazi aliyotuma haionekani. Akaandika swali kwenye jukwaa la wanafunzi, na kabla hajapangusa miwani lilikuwa limezikwa chini ya maswali ya wengine. Wiki ya tano hakufungua tena. Kilichomkosesha raha ni binti, ambaye alikuwa ameshaitambia wodi nzima kwamba baba yake anasoma. Akipiga simu, Fundi anasingizia ana mteja.

Jumapili moja binti akamtokea karakanani bila taarifa.

"Baba, cheti kinatoka lini?"

Fundi akaweka bisibisi chini. "Mwanangu, nisikudanganye. Niliacha siku nyingi."

Binti akaanza kucheka, kiganja mdomoni. "Mimi nimejiandikisha kozi tatu, baba. Sijamaliza hata moja. Nilikuwa naomba Mungu usiniulize."

Wakacheka mpaka muuza nyama wa jirani akachungulia. Fundi alijisikia kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Lakini hukuambulia kitu?" binti akauliza.

Fundi akamwonyesha jinsi ya kupima bodi, kijidude kimoja baada ya kingine, mpaka ukipate kilichokufa. Bodi mbili alikwishazifufua, ila alikuwa hajamwambia mtu.

Kozi ilipofunguliwa upya alimvuta fundi redio wa ng'ambo ya barabara, mbishi mmoja anayeijua ile lugha. Mchana wateja wakiadimika walikaa benchi moja: huyu anafasiri, yule anaonyesha kwa mikono, wanagombana, wanarudisha somo. Mtihani wa mwisho Fundi alipata alama sitini na nne, na sitini zilitosha kupata cheti. Alimpigia binti hapo hapo, asije akazisikia kwa wengine kwanza, maana fundi redio alikuwa tayari mlangoni akiwatangazia wapita njia.